Rekodi ya Nane

Jumatatu asubuhi folda ilikuwa na rekodi nane za sauti ya mumewe. Mama Kasuku alizihesabu kwa ncha ya kalamu, akarudia. Ijumaa aliziacha saba, na saba ndizo alizokuwa nazo tangu azikwe.

Alikuwa mpokea wateja katika studio ya picha. Fundi wa kompyuta alikuwa ameweka programu ya kulinganisha mafaili: ukiweka picha kwenye kompyuta ya mapokezi, hapo hapo inajinakili kwenye seva, ile mashine inayovuma chumba cha nyuma. Siku moja Fundi alimkuta Mama Kasuku akisikiliza simu yenye kioo kilichopasuka huku akificha machozi. Hakumuuliza mengi. Alimtengenezea folda yake mwenyewe, akaiunganisha na simu ile.

"Sasa hata simu ikifa, sauti ya shemeji ipo," alisema. "Ila angalia, Mama Kasuku. Folda hizi ni mapacha. Mmoja akipiga chafya, mwenzake anajifuta pua. Ukifuta huku, kule pia kunafutika. Usije ukaniita nikusaidie kulia."

Mama Kasuku alicheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka kazini.

Rekodi ya nane aliisikiliza saa saba mchana, wenzake walipotoka kwenda kula.

"Kasuku ameota jino la nyuma," sauti ilisema, ikakohoa kidogo kabla ya kucheka, kama alivyozoea mumewe. "Mwambie baba yake amefurahi."

Jino la mtoto lilikuwa limetoka jana yake. Mumewe alikuwa na miezi kumi na minne kaburini.

Mwingine angepiga kelele akakimbilia barabarani. Yeye aliirudia mara nne. Upweke una njaa. Ukiletewa chakula hauulizi kimepikwa na nani.

Jumanne saa saba ikaja ya tisa, Jumatano saa saba ikaja ya kumi, na kila ilipoingia, chumba cha seva kilitoa harufu ya udongo mbichi, kama shimo lililochimbwa sasa hivi. Alifunga mlango wa chumba kile. Hakumwambia mtu.

Nyumbani, mwanawe wa miaka miwili na nusu aliitwa Kasuku kwa sababu hakujua kunyamaza. Jumanne hiyo hakusema "maji". Alinyoosha kidole kwenye kikombe. Jumatano paka alipita, mtoto akafungua mdomo, hakukutoka kitu.

"Mtoto huyu maneno yanamwishia," alisema Bibi, mama wa marehemu, aliyekuwa akiishi nao na kumlea. "Leo hajaniita hata mara moja."

"Labda ni homa, mama."

"Homa haichagui maneno."

Alhamisi rekodi ilikuwa ndefu. Mumewe alikuwa anaimba ule wimbo wa kumbembeleza mtoto, taratibu, na Mama Kasuku alifumba macho akamfuata kimoyomoyo, mpaka aliposikia nyuma ya wimbo, mbali kama mtu aliye chini ya kisima, sauti nyingine ndogo aliyoijua kuliko yake mwenyewe ikisema, "Maji. Paka. Bibi," tena na tena, kama mtoto anayefundishwa.

Alimwita Fundi. Fundi alifungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Vilipaswa kuwa vitatu: kompyuta ya mapokezi, seva, na simu. Vilikuwa vinne. Cha nne hakikuwa na jina, ila kidoa cha kijani. Fundi alichomoa waya wa mtandao. Kidoa hakikuzimika.

"Fundi?"

"Subiri, dada." Sasa alikuwa ananong'ona. "Hiki hakileti tu. Tazama mishale. Kuna unaoingia, na kuna unaotoka."

Jioni alimweleza Bibi kila kitu. Bibi alisikiliza huku mtoto amelala mapajani mwake.

"Jini hatoi zawadi, mwanangu. Anabadilishana. Futa zote."

"Hata zile saba za kwake kweli?"

"Sauti yake ndiyo mlango. Ukibakisha moja, umeuacha wazi."

"Mama, hatutabaki na kitu."

"Tutabaki na mtoto."

Mama Kasuku alimpa simu asikilize walau mara moja ya mwisho. Bibi alinyoosha mkono, kisha akaurudisha. "Nikimsikia sitakuruhusu ufute," alisema.

Ijumaa mtoto alikuwa amebakiwa na neno moja, "mama". Mama yake alilisikia mlangoni alipokuwa akitoka, akalibeba hadi kazini kama yai.

Saa saba ilipokaribia Fundi alisogeza kiti chake karibu naye, akageuza uso ili dada wa watu alie kwa nafasi. Mama Kasuku alizichagua rekodi zote, na kabla kidole hakijagusa kitufe harufu ya udongo ikajaa mapokezi, na spika, ambayo hakuna aliyeiwasha, ikakohoa kidogo na kusema, "Mke wangu, huku kuna giza na sina mwingine wa kuzungumza naye, usinifute, usinifute, usini..." na yeye, huku akisema "Nisamehe, nisamehe," bila kujua anamwomba nani, akabonyeza.

Seva iliacha kuvuma. Kidoa cha nne kikazimika.

Nyumbani Kasuku alimpokea mlangoni kwa kelele. "Mama! Paka amemwaga maji! Bibi amemfukuza!" Alimbeba, akamkumbatia mpaka mtoto akalalamika.

Bibi alikuwa jikoni, sinia la mchele mapajani, hachambui.

"Keti, mwanangu. Saa saba nilikuwa namkumbuka mume wako alivyokuwa akiniita. Uso wake ninao. Maneno ninayo. Sauti imekatika, kama redio. Ilikuwaje? Nikumbushe."

Mama Kasuku alifungua mdomo. Alijua kulikuwa na kikohozi kabla ya kicheko. Alikitafuta kilivyosikika, akatafuta na wimbo, na kila alipofika palikuwa kimya. Akakumbuka maneno ya Fundi: ukifuta huku, kule pia.

Bibi alianza kuimba wimbo wa mtoto, akiteremsha sauti iwe nzito. "Hivi?"

"Sijui, mama."

"Jaribu wewe."

Akajaribu. Wakaendelea kupokezana, mmoja akiimba, mwingine akisikiliza amefumba macho, mpaka Kasuku akalala.