Pa Kupigilia Msumari

"Mwambie aseme 'aaa'," daktari alisema kwa Kireno.

"Mzee, daktari anakuomba useme 'aaa'," Hamido akatafsiri.

Mzee Rizuane akafumbua mdomo. Ulimi wote ukaonekana, kisha mdomo ukafumbwa. Sauti haikutoka.

"Ulimi mzima, koo zima," daktari alisema akivua glavu. "Mpira wa kupumulia wa shingoni tulishautoa. Sasa hivi angekuwa anatuchosha kwa maneno. Muulize kama anaumwa."

Hamido akauliza. Mzee akachukua kikombe chake cha bati, akagonga chuma cha kitanda mara mbili. Wodi nzima ilikwishajua: moja ni ndiyo, mbili ni hapana.

"Calma, tulia, daktari," alisema Mana Gracinda, yaani Dada Gracinda, muuguzi aliyetoka Mueda na asiyeficha neno. "Huyu mzee hakuwa bubu. Huyu kasusa."

Wagonjwa wakacheka. Hamido hakucheka, maana yeye alikuwa na neno moja alilolingoja kutoka kwenye mdomo ule.

Kabla ya vita Hamido alikuwa seremala Mocímboa da Praia, ana karakana na mbao zake. Vyote viliungua. Mwaka jana, akiwa analala kwa huyu na kwa yule, alituma wazee wapeleke posa ya Yasmin, binti wa Mzee Rizuane. Mzee, naye mkimbizi wa Quiterajo, aliwajibu akiwa amejifunika kitambaa, kwa sababu uvimbe wa taya ulikuwa umefikia ukubwa wa nazi changa. "Seremala asiye na pa kupigilia msumari!" alisema. "Simpi binti yangu."

Basi Hamido akaenda kuishi kwenye chuma, ambako msumari hauingii kabisa. Ilikuwa meli ya hospitali ya hisani, na humo hakuna aliyelipwa, tangu mpasuaji hadi mpishi. Hamido alijitolea ukalimani. Alilala chini ya usawa wa maji na wenzake watatu, akaoga maji ya kupimiwa, na taulo lake akalitundika ukutani kwa plasta ya hospitali. Kisha meli ikatia nanga mbele ya mji wake mwenyewe, na kati ya wagonjwa wa kwanza kupandishwa alikuwamo Mzee Rizuane. Siku za mwanzo baada ya kupasuliwa uvimbe, uji wa mzee ulipita kwenye mpira wa puani, na mkono uliousukuma ulikuwa wa Hamido. Habari ya posa hakuna aliyeigusa.

Mchana ule Yasmin alikuja na boti ya wageni. Alipomaliza kumtazama baba yake, alimkuta Hamido penye reli.

"Mido, niambie kweli. Baba atakuwa bubu?"

"Daktari anasema hapana."

"Mbona hasemi, basi?"

"Sijui, Yasmin. Na Ijumaa meli inakwenda Madagaska. Nahodha anataka kujua kama nakwenda au nashuka."

"Wewe unataka nini?"

"Unajua ninachotaka. Kimo mdomoni mwa baba yako."

"Muulize kwa kikombe."

"Posa kwa kikombe! Nikisikia mara mbili, si nitafia pale pale?"

Yasmin akacheka huku machozi yanamtoka. Akajifuta kwa ncha ya leso.

"Lakini ujue, mimi si wa kukaa ufukweni nahesabu meli. Ukienda, umekwenda."

"Nimesikia."

"Na usinitazame hivyo. Mana Gracinda anatuona."

"Naona na nasikia!" Gracinda aliita kutoka mlangoni. "Endeleeni tu, mimi sipo."

Jua lilipozama wagonjwa wenye nguvu walitandika mikeka kwenye ujia wa wodi. Meli ikiwa nangani huzunguka na maji, na chuma chake huzizuzua dira za simu, kwa hiyo kila swala Hamido alipanda kwanza kwa nahodha kuuliza kaskazini, iliko kibla, imehamia wapi. Kisha akashuka, akaelekea, akasalisha. Nyuma yake Mzee Rizuane alikuwa ameketi kwenye kiti.

Hamido akaifikisha Alhamdu mwisho.

"Amin!" wakaitikia wote.

Sauti zile Hamido alizizoea: ya mwenye mguu, ya mwenye tezi, ya kijana wa jicho. Jioni ile ilikuwamo nyingine, nzito, yenye mikwaruzo, iliyochelewa kidogo kuliko zote. Sura iliyofuata nusura imponyoke.

Watu walipotawanyika alibaki akikunja mikeka taratibu. Mzee naye alibaki kitini.

"Mzee, nimeisikia amin yako."

Kikombe kikagonga kiti mara mbili.

"Nimeisikia. Simwambii mtu. Lakini Yasmin leo amelia."

Mzee akakiangalia kikombe kama kimemsaliti, kisha akakiweka chini.

"Ilinitoka," alisema. Ulimi ulikuwa mzito na maneno yalilowa, lakini yalikuwa maneno. "Amin haizuiliki."

"Kwa nini, mzee wangu?"

"Uvimbe ule, Hamido... Nikikaa kula, watu walihama mkeka. Kaka zangu walihama. Yasmin peke yake hakuhama. Sasa nimepona. Watu watasema, mzee mzima huyo, amwoze binti. Utamchukua. Nami nitakula na nani?"

Hamido akakunja mkeka wa mwisho.

"Nikinyamaza, bado mgonjwa. Mgonjwa haachwi."

Hamido akaketi sakafuni karibu na miguu yake.

"Mzee, huku kwetu watu wakioana, anayehama nani?"

"Mume. Anahamia ukweni."

"Nani kakwambia Yasmin anaondoka, basi? Ninayehama ni mimi."

"Unahamia wapi? Nina turubai tu."

"Turubai lina nguzo?"

"Linazo."

"Nguzo inaingia msumari. Mimi nimechoka na plasta."

Mzee akakiokota kikombe chake.

"Na meli yako?"

"Meli ina watu. Wewe umeniuliza utakula na nani."

Simu ya Hamido ikalia. Ujumbe wa Yasmin: "Baba kasema chochote?" Akaandika "Ndiyo", akafuta. Akaandika "Bado", akafuta. Mwisho akatuma: "Kesho panda boti ya kwanza."

Asubuhi Yasmin aliingia wodini anahema, mkononi ana chupa ya chai.

"Umechelewa," alisema Mzee Rizuane. "Hiyo chai imeshapoa."

Chupa ikamponyoka. Gracinda akaidaka, akaikumbatia.

"Baba! Umeanza lini kusema?"

Mzee akamtazama Hamido. Hamido akatazama bahari kupitia kidirisha.

"Muulize mumeo," mzee akasema.

Wodi ikalipuka kwa vigelegele, na cha kwanza kilikuwa cha Gracinda.

Walioana Alhamisi, uani kwa shangazi yake Yasmin, na nusu ya mabaharia walishuka kula pilau. Mwalimu aliyeitwa kufungisha ndoa alimwonea mzee huruma, akataka kumsemea. Mzee akaomba kikombe, akagonga mara mbili. Kisha akamshika Hamido mkono, na kwa ulimi wake mzito akamwozesha mwenyewe, neno kwa neno, bila kuruka hata moja.

Ijumaa, siku ya pili yake, meli ikapiga honi ndefu na kuanza kujigeuza. Hamido alikuwa juu ya stuli chini ya turubai, anapigilia mbao kwenye nguzo, misumari ameibana midomoni.

"Mume wangu," Yasmin akauliza akiangalia kule baharini, "unajuta?"

Hamido, na misumari ile, hakuweza kufumbua mdomo.

"Amesema hapana!" mzee akajibu kutoka ndani. "Njooni tule."