Mwezi wa Sita Uliorudi Mara Mbili

Kila asubuhi, kabla jua halijaruka ukuta wa ua, Shu-an alimsaidia bibi yake kufunua mitungi. Ilikuwa sabini na miwili, kila mmoja ukimfika kiunoni, na ndani yake maharage meusi yalilala kwenye chumvi yakisubiri kuwa sosi. Katika mji wa Siluo kila mtu anajua sosi nzuri, na kila mtu anadhani ya kwake ndiyo nzuri kupita zote. Bibi hakudhani. Alikuwa na hakika.

"Umeamka, au umeletwa na miguu tu?" Bibi aliuliza.

"Nimeamka, Bibi."

"Basi funika huo uliofunua. Nilisema wa kushoto."

Bibi alichovya kidole, akaonja, kisha akaandika alama kwa chaki ubavuni mwa mtungi. Aliandika kwa kupapasa. Ukungu ulikuwa umeingia machoni mwake, akawa anamwamkia hata mti wa mpera kwa heshima zote, akidhani ni mgeni.

Macho hayo ndiyo yaliyoanzisha mambo. Babu alifariki miaka minne iliyopita, tarehe nane ya mwezi wa sita, kwa hesabu ya mwezi wa angani. Kila mwaka siku hiyo, adhuhuri, familia humwandalia chakula mbele ya madhabahu ya nyumbani: wali, samaki aitwaye mwatiko wa kukaanga, nyama ya nguruwe, na kikombe cha pombe ya mchele. Tarehe za namna hiyo husomwa kwenye kalenda ya ukutani inayochanwa ukurasa mmoja kila siku. Tarehe ya shule na ofisi huandikwa kubwa kama sahani. Ile ya wafu huandikwa ndogo kama chawa.

"Waliochapa hii kalenda hawana bibi," Bibi alilalamika, pua ikigusa karatasi.

Shu-an alikuwa darasa la saba, na kwa wiki kadhaa alikuwa akijifunza kutengeneza programu za simu kwa masomo ya video mtandaoni. Mwalimu wake, Bwana Tseng, alifundisha taratibu mno. Alitoa mstari mmoja wa programu, akaueleza, akanywa chai, akaueleza tena. Shu-an aliharakisha video mara mbili, Mwalimu maskini akasikika kama bata anayefukuzwa.

Kwa msaada wa bata huyo alitengeneza programu ya kukumbusha siku za wafu. Unaandika jina na tarehe ya mwezi wa angani, siku ikifika simu inalia kengele. Kwenye somo la kumi na saba tayari ililia. Somo la kumi na nane liliitwa "Mwaka Wenye Miezi Kumi na Mitatu", kwa kuwa hesabu ya mwezi wa angani huongezewa mwezi mmoja kila baada ya miaka michache, nalo lilikuwa refu. Shu-an aliliruka. Alijiambia atalirudia.

Badala ya kulirudia, akawa mwalimu. Alichana nywele, akaiegemeza simu kwenye chupa ya siki, akajirekodi: "Tengeneza Kikumbusho cha Wazee kwa Dakika Kumi!" Hakueleza sana. Alisema, "Nakili hapa, bandika pale, umemaliza." Watu wakampenda. Watazamaji walifika elfu mbili, wengine wakamwita Mwalimu Mdogo. Naye, kama kuku aliyetaga yai la kwanza, hakunyamaza wiki nzima.

Siku moja aliona swali kutoka kwa Mzee Lai wa Taitung: "Mwalimu Mdogo, mwaka huu mwezi wa sita unarudi mara mbili. Programu inalijua hilo? Mke wangu alifariki mwaka jana tarehe ishirini ya mwezi wa sita. Hii ni kumbukumbu yake ya kwanza, sitaki kukosea."

Shu-an hakujua kama programu inalijua hilo. Lakini angeandikaje "sijui" mbele ya watu elfu mbili? Akajibu: "Nimejaribu, babu. Inafanya kazi vizuri kabisa."

Kisha akaitungua kalenda ukutani, na kwenye migongo ya kurasa zake akachora michoro ya programu nyingine aliyotaka kutengeneza.

"Na simu ikilala?" Bibi aliuliza.

"Simu hailali, Bibi."

"Haya. Babu yako naye alikuwa akisema halali. Alikoroma miaka arobaini."

Shule zilifungwa. Joto likaja, mitungi ikanuka utamu. Bibi aliuliza mara mbili, "Bado tu?" na Shu-an akamjibu, "Simu haijalia." Hata baba na mama yake, waliofanya kazi Taichung na kurudi Jumamosi, walisubiri simu ilie.

Ikalia, asubuhi moja ya mwezi wa nane kwa kalenda ya shule. Bibi alivaa blauzi yake ya bluu, akachukua kikapu, wakaenda sokoni yeye na mjukuu wake. Kwa Bi Liao, muuza tofu ya maharage, Bibi akaagiza vipande sita.

"Dada, sita? Unamlisha nani, jeshi?" Bi Liao alitania.

"Namlisha mume wangu. Leo ni siku yake."

Bi Liao akaacha kufunga tofu. "Dada, si nane ya mwezi wa sita?"

"Ndiyo leo."

"Leo ni nane ya mwezi wa sita wa pili, ule wa nyongeza. Watu hufanya ya wafu wao kwenye ule wa kwanza. Siku ya shemeji imepita mwezi mzima." Akashusha sauti. "Nilidhani mmemfanyia kimya kimya."

Bibi alikitua kikapu. Alirudisha vipande vya tofu kimoja kimoja, taratibu, kama anayeomba radhi kwa kila kimoja. Njiani alisema neno moja tu: "Mwezi mzima."

Nyumbani aliwasha udi, akashika vipande viwili vyekundu vya mbao vyenye umbo la mwezi mchanga, ambavyo watu wa kwao hutumia kuwauliza wafu. Kimoja kikilala chali na kimoja kifudifudi, jibu ni ndiyo. Vikilala kifudifudi vyote ni hapana. Vikilala chali vyote, aliyeulizwa anacheka.

"Baba Watoto, utakula leo?" Akarusha. Hapana. Akarusha tena. Hapana. Mara ya tatu kimoja kilibingirika hadi chini ya kabati, Shu-an akakichungulia kwa tochi. Kilikuwa kimelala kifudifudi kama mwenzake.

"Amekataa," Bibi alisema. "Siku ile alisimama mlangoni adhuhuri, hakuna sahani, akaondoka. Na kosa ni langu. Zamani nilikuwa naijua siku yake kwa harufu ya maharage. Sasa nimekuwa kipofu na mjinga pia."

Shu-an alifungua mdomo. Maneno yalifika kwenye meno, yakageuka yakarudi.

Aliingia chumbani akafungua simu. Watu kumi na mmoja walikuwa wameandika. "Umetuaibisha mbele ya shangazi zetu." "Hivi uliijaribu kweli?" Na chini kabisa, Mzee Lai: "Mwalimu Mdogo, jirani ameniambia leo. Siku ya mke wangu ilipita, nami siku hiyo nilikuwa mtoni navua. Nilikuuliza. Ulisema umejaribu."

Shu-an alifunga sehemu ya maoni isiandikike tena. Lakini kufunga mdomo wa mtu si kufunga swali lake. Aliwaza kuifuta video. Aliwaza kusema simu imeharibika. Kila alichowaza kilikuwa uongo mwingine, na ule wa kwanza tayari ulikuwa umemlemea.

Kesho yake Bibi hakuamka kufunua mitungi. Keshokutwa pia. Alikaa kwenye kigoda, mikono mapajani, uji ukapoa mbele yake.

"Mpigie baba yako," alisema. "Mwambie atafute mtu wa kununua mitungi. Nitakwenda kukaa Taichung, kwenye kiti, niangalie ukuta. Mtu asiyeikumbuka siku ya mumewe atakumbukaje chumvi?"

Shu-an aliichukua simu lakini hakumpigia baba yake. Alifungua somo la kumi na nane, bila kuharakisha. Mwalimu Tseng alikunywa chai yake. Kisha akasema kwamba programu huweka kila mwezi kwenye kidroo chenye jina lake. Ikipewa miezi miwili yenye jina moja, wa pili humwagwa juu ya wa kwanza, na wa kwanza hupotea. Kwa hiyo kila mwezi wa nyongeza sharti upewe alama yake.

Shu-an akatazama uani. Alama za chaki! Bibi hakuwahi kuipa mitungi miwili alama moja. Jambo lenyewe alikuwa akilipita kila asubuhi.

Alikwenda akapiga magoti mbele ya kigoda.

"Bibi, si macho yako. Ni mimi. Somo la mwezi wa nyongeza nililiruka. Mtu akaniuliza, nikasema nimejaribu. Sikujaribu. Na kalenda niliitungua mimi."

Bibi alimfukuza nzi aliyetua kwenye uji.

"Siku mbili," alisema. "Siku mbili umeniacha nijiite mjinga."

"Ndiyo, Bibi."

"Hilo ndilo linaloniuma. La simu lingepita." Macho yake yenye ukungu yalijaa maji, akayapangusa kwa kiganja. "Inuka. Nenda mbele ya babu yako ukamwambie mwenyewe. Mimi si tarishi wako."

Shu-an alisema yote mbele ya madhabahu. Akarusha vipande. Vililala chali vyote viwili.

"Vimelalaje?" Bibi aliuliza.

"Anacheka, Bibi."

"Alinicheka miaka arobaini, hajachoka tu. Lakini kucheka si kukubali. Wale wengine uliowafundisha je?"

Mchana huo Shu-an alirekodi video nyingine. Hakuchana nywele. Alisema: "Niliwaambia nimejaribu. Ulikuwa uongo. Hitilafu iko hapa, na hivi ndivyo inavyorekebishwa." Safari hii alieleza kila mstari, na alipofika kwenye asichokijua akasema, "Hapa sijui, muulizeni Mwalimu Tseng." Akafungua maoni tena, akamwandikia kila mmoja.

Mzee Lai alijibu jioni. "Video nimeiona. Mke wangu hawezi kurudishiwa siku ile, wala mimi. Tarehe ya mwakani nimeiandika ukutani kwa kalamu." Hakuandika zaidi. Shu-an alilisoma jibu hilo mara nyingi, na hakupata mahali pa kujifariji.

Asubuhi iliyofuata walipika wali, mwatiko na nyama. Shu-an akarusha vipande: kimoja kikalala chali, kimoja kifudifudi.

"Ndiyo, Bibi!"

"Njaa imemshinda," Bibi alisema, akamimina pombe kwenye kikombe. Udi ulipoteketea alimshika Shu-an mkono, wakatoka uani, wakasimama mbele ya mtungi wa kwanza.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Mtu anayejifunza hukosea, na kosa lake hurekebishwa. Lakini ukisema 'nimejaribu' na hujajaribu, mwenzako huweka uzito wake wote kwenye neno lako, nalo ni tupu, anaanguka. Yule mzee wa Taitung bado yuko chini. Usimsahau. Tena maharage haya hukaa miezi sita. Hata ukiyapigia kelele hayaharakishwi. Somo nalo ni hivyohivyo. Sasa funua."

Shu-an akashika kifuniko.

"Wa kushoto," Bibi alisema. "Na ukimaliza, irudishe kalenda yangu. Simu ilie, sawa, lakini wewe utanisomea."

Kalenda ilirudi ukutani ikiwa nyembamba, migongo ya kurasa ikiwa na michoro. Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya mitungi, Shu-an alimsomea Bibi tarehe zote mbili, ile kubwa na ile ndogo.