Machozi ya Jumapili

Yule Mmarekani mwenye kofia ya ukili alipogeuka nyuma mara ya tatu, Jawaher alijua kwamba amekwisha kumtambua.

Mmarekani akatimua mbio.

Jawaher naye akakusanya abaya lake kwa mkono mmoja, akamfuata.

Ilikuwa Ijumaa, saa tatu na dakika tano asubuhi. Soko la Mutrah lilikuwa limefungwa, milango ya mbao imepigwa komeo, paka wamelala vizingitini. Mtu akikimbia humo siku kama hiyo, viatu vyake vinasikika mpaka msikitini. Jawaher hakuhitaji kumwona. Alizifuata nyayo kwa masikio.

"Sindano, uko wapi?" Sauti ya Mzee Aflah, mkuu wake, ilikwaruza kwenye kifaa cha sikioni.

"Nyuma yake."

"Usimwue. Meli yake inang'oa nanga saa sita. Nnamtaka mzima."

"Mzima kiasi gani?"

"Aweze kusema."

Jirani zake wa Al Amerat walimjua Jawaher kama karani wa kupima viwanja, mtoto wa watu waliotoka Tabora, mwenye mama mgonjwa na maneno machache. Katika Idara ya Usalama, alikofanya kazi kwa siri, aliitwa Sindano. Alipopita yeye, kilichobaki ni tundu.

Mmarekani aliingia kichochoro kisicho na upande wa pili. Alipogeuka, mkononi alikuwa na bastola ya umeme aina ya Taser.

Hakuwahi kuifyatua. Jawaher alimtupia chupa ya chai ya Stanley, ya chuma, imejaa. Ilimpata kwenye taya. Alianguka juu ya mkoba wake.

"Bwana Curtis Vogt," Jawaher alisema akimfunga pingu. "Karibu Maskati."

"Mimi ni mtalii!" Vogt alilia kwa Kiswahili safi. Alikuwa mmishonari Eldoret miaka kumi na moja kabla hajaajiriwa kutengeneza filamu za kampeni. "Nina tiketi ya meli! Nipigie ubalozi wangu!"

Ndani ya mkoba mlikuwa na kompyuta. Ilitaka kidole.

"Nipe kidole."

"Sitoi."

Jawaher alikishika kidole chake kidogo, akakikunja upande ambao Mungu hakukiumbia. Kililia kama kijiti kikavu. Vogt akapiga ukelele uliowaamsha paka wote wa kichochoro.

"Hicho sikuwa na haja nacho," Jawaher alisema. "Hiki cha shahada ndicho nnachokitaka. Bora kibaki kizima, au vipi?"

Vogt alitoa kidole cha shahada.

Kioo kiliwaka. Kulikuwa na faili moja tu, video ya dakika nne, imepangwa kurushwa yenyewe kwenye ukurasa wa mgombea. Jawaher akaibonyeza.

Akatokea mtu mwenye mvi nzuri na tai nyekundu, mbele ya msalaba mkubwa kuliko nyumba. Alikuwa Mchungaji Amos Trickett, aliyekuwa akigombea urais wa Marekani. Mikutano yake ilijaza viwanja vya mpira. Kila mkutano aliwaambia watu kwamba Mungu amemchagua yeye, na kwamba Waislamu wanakuja kuwachinja vitandani.

Safari hii alikuwa akilia.

"Leo, Jumapili asubuhi," alisema kwa Kiingereza, machozi yakimtiririka, "wakati ndugu zetu maskini kutoka Afrika walipokuwa wakisali katika nyumba ndogo ya Ansab, mjini Maskati, wenye chuki wamewateketeza kwa moto. Sitayasahau majina yao. Stacy. Elijah. Truphena..."

Jawaher alisimamisha video.

Akairudisha nyuma. Akasikiliza tena.

*Truphena.*

Truphena alikuwa Mkenya aliyemtunza mama yake Jawaher miaka sita sasa. Ndiye aliyemwogesha, ndiye aliyemkumbusha dawa, ndiye aliyemchekesha. Na huyu mgombea amekwisha kumlilia, naye yu hai.

"Mmeshawaandikia tanzia," Jawaher alisema taratibu. "Bado kuwaua tu."

"Taifa limelala," Vogt alinong'ona. Damu ilimtoka mdomoni. "Ni lazima liamshwe. Watu hamsini, sitini... kwa ajili ya kazi ya Mungu. Kuna watoto wanane. Watoto ndio wanaogusa watu."

Jawaher alimtazama kama anavyotazamwa mjusi ndani ya mtungi wa maji.

"Mungu hagombei urais," alisema.

Akabonyeza sikio, akamwita Mzee Aflah kwa jina lake la kazi. "Mzizi, hapa Sindano. Watachoma nyumba ya ibada Ansab. Watatubandikia sisi lawama, ili mgombea wao apate kura za hofu."

"Lini?"

"Video inasema Jumapili asubuhi."

"Alhamdulillahi," Mzee Aflah alihema. "Tuna siku mbili. Mlete hapa, tutamhoji kwa utulivu."

Vogt aliinamisha uso. Lakini Jawaher aliwahi kuiona pembe ya mdomo wake. Ilikuwa ikitabasamu.

Kwa nini mtu aliyevunjwa kidole atabasamu?

Akapiga simu nyumbani.

"Mama, niitie Truphena. Nataka asiende kusali Jumapili."

"Jumapili?" Mama yake alicheka kwa kikohozi. "We mtoto una wazimu? Jumapili ana kazi, nani atanikosha? Kusali wanasali Ijumaa, siku yao ya kupumzika. Kesha ondoka tangu saa mbili, kavaa gauni lake la bluu. Kaniambia leo ibada kubwa, saa nne."

Jawaher alikata simu, akamwinua Vogt kwa pingu.

Miaka sita. Kila Ijumaa gauni la bluu, na yeye hakuwahi hata kuuliza linakwenda wapi. Maskati nzima ilifanya kazi Jumapili, na Wakristo wa Maskati walisali Ijumaa. Mwandishi wa hotuba, huko Marekani, hakujua. Kwake yeye, watu wakichomwa moto wakisali, basi ni Jumapili.

Lakini aliyetega moto alikuwa hapahapa. Na huyo alijua.

Saa yake ya Casio ilisoma saa tatu na dakika ishirini na mbili.

"Mzizi! Ni leo! Ni saa hii!"

Hakungoja jibu.

*

Land Cruiser ilipita barabara ya juu kwa kilomita mia na sabini kwa saa. Vogt alikuwa kiti cha nyuma, pingu mkononi, akirushwa huku na huku kama gunia la vitunguu.

Jawaher alimpigia Truphena. Simu imezimwa. Alikumbuka Truphena akimsimulia mama, naye akisikiliza kwa sikio moja: mlangoni kuna kapu, kila mtu anazima simu na kuitumbukiza humo, ili wasimkere Bwana.

"Nani anawasha?" aliuliza bila kugeuka.

"Hutanivunja mimi."

"Moto uko wapi?"

Vogt aligeuzia uso dirishani.

"Wallahi nitafurahi ukinyamaza," Jawaher alisema, akakanyaga mafuta. Midomo yake ikawa inasoma Ayatul Kursi, neno kwa neno, bila kukosea kona hata moja.

Nyumba, ambayo Mzee Aflah alimwelekeza njiani, ilikuwa ya kupanga, ghorofa moja, ukuta wa rangi ya mchanga. Wimbo wa sifa ulisikika mpaka barabarani. Saa nne kasoro dakika tisa. Ndani ya mkoba wa Jawaher kizuia mawimbi kilikuwa kimekwisha washwa, cha kuua simu zote kwa hatua mia moja.

Lakini kizuia mawimbi hakizuii kiberiti. Na akiwatoa watu mbio, mwenye kiberiti atawahi kabla yao. Alihitaji jina.

Alimsukuma Vogt kupitia mlango wa jikoni. Chini ya sinki palikuwa na mitungi minne ya gesi ambayo hakuna jiko la kanisa linaloihitaji, imefungwa pamoja kwa waya, na simu ndogo ya Nokia katikati. Kando, dumu la petroli.

Jawaher alifungua pingu moja. Akaifunga kwenye shingo ya mtungi.

Vogt aliangalia mkono wake. Akaangalia Nokia. Rangi ikamtoka.

"Huwezi kufanya hivi."

"Kaa vizuri. Watoto wako chumba cha pili, utawasikia."

Kweli walisikika. Sauti ndogo nane, zikipiga makofi nje ya mdundo.

"Atapiga simu mahubiri yakianza! Umesikia? Izime! Nitoe!"

"Nani atapiga?"

"Mpe... mpe pesa, ataacha..."

"Bwana Vogt, watoto ndio wanaogusa watu. Wewe nani atakulilia? Halimo hata jina lako kwenye hotuba." Jawaher akaanza kutoka.

"Brayo!" Vogt alipasua koo. "Brayo, mpiga kinanda! Akimaliza wimbo anatoka nje, anajifanya anakwenda haja! Anakaa kwenye gari nyeupe, anapiga simu, anapiga picha! Nimekwambia! Nifungue!"

Ukumbini kinanda kilikuwa kimekwisha nyamaza.

"Nifungue, kwa jina la Yesu!"

"Huyo mwache," Jawaher alisema. "Hakukutuma."

Akamwacha palepale, akamnong'oneza mhubiri awe tayari kuwatoa watu.

*

Brayo alikuwa ndani ya Yaris nyeupe, ng'ambo ya barabara, kamera ya Sony mapajani. Alibonyeza simu. Akatazama nyumba. Akabonyeza tena. Akaipiga simu kofi.

"Network, acha ujinga," alinung'unika.

Kisha akatoka, akivuta kiberiti cha gesi mfukoni, akatembea upesi kuelekea mlango wa jikoni. Alikuwa kijana wa miaka thelathini, shati jeupe limepigwa pasi vizuri, tai ya kwaya bado shingoni.

Mlango ulifunguka kabla hajaugusa.

Glock ilikohoa mara moja, kiwambo kikimeza sauti. Goti la Brayo likapasuka. Alidondoka kwenye changarawe. Jawaher akakanyaga mkono wenye kiberiti, akasikiliza vifupa vikiachana, kimoja kimoja.

"Madam! Madam, pole! Ni kazi tu!" Brayo alilia. "Walisema watanipeleka Amerika, mimi na mathe. Walisema hakuna mtu atajua!"

Watu walikuwa wakitoka sasa, mhubiri akiwahimiza kwa mkono, watoto wamebebwa. Mbele yao alikuwa mwanamke mnene mwenye gauni la bluu.

Truphena alimtazama mpiga kinanda wao. Akaangalia kiberiti. Akaelewa.

"Brayo," alisema. "Jana si nilikupikia chapati?"

"Auntie Truphy..."

"Ulikula nne."

Hakumpiga. Hakumlilia. Alimruka kama mtu anavyoruka tope, akaendelea kwenda, na hakuna aliyeinama kumfunga jeraha mpaka watu wa Idara walipofika.

*

Vogt walimkuta jikoni amejikojolea, akiwa bado anaiomba Nokia isiite. Jawaher alichuchumaa mbele yake, kompyuta magotini.

"Ilikuwa imezimwa muda wote?" Vogt aliuliza kwa sauti ya mtoto.

"Tangu tulipofika."

Vogt akaanza kulia.

"Ndiyo, zoea," Jawaher alisema. "Mkubwa wako ameshakuonyesha namna. Sasa, hii video yenu imepangwa Jumapili. Mimi naona tusiwacheleweshe wapiga kura."

Akaushika mkono wenye kidole kilichovunjika, taratibu, kama muuguzi. Akakikandamiza cha shahada kwenye kioo. Waya za Nokia zikiwa zimekwisha katwa, akazima kizuia mawimbi. Akabadilisha siku. Akarusha.

Sikioni, Mzee Aflah alikohoa. "Sindano, nimesikia nini hapo?"

"Hukusikia kitu, mzee."

"Basi sikusikia kitu."

Mpaka saa kumi jioni, Marekani ilipoamka, video ilikuwa imetazamwa mara milioni tisa. Mchungaji Amos Trickett, siku ya Ijumaa, akiwalilia kwa majina watu waliochomwa Jumapili ambayo ilikuwa haijafika. Na chini yake, picha ambayo mhubiri wa Ansab aliipiga mwenyewe: watu sitini na mmoja mbele ya nyumba yao, wazima.

Nyumbani Al Amerat, Truphena alikaa pembeni ya kitanda cha mama, akiitazama mara ya tatu.

"Hebu ona," alisema. "Vile ametaja jina langu na uchungu. Hata bwanangu akiniacha hakulia hivi."

Mama alicheka mpaka akakohoa. Truphena naye alicheka, kisha kicheko kikamkwama, akajifunika uso kwa kitambaa cha dawa, na mabega yakaanza kumtetemeka.

Jawaher alisimama mlangoni.

Aliokota chupa yake ya chai ya Stanley iliyobonyea ubavu, akaisuuza, akaijaza.

"Jawaher," Truphena aliita, sauti imelowa. "Ijumaa ijayo nitaenda tena."

"Nitakupeleka mimi," Jawaher alisema.

Akachukua chupa na funguo, akatoka kurudi kazini. Adhana ya magharibi ilikuwa ikianza.