Mlango wa Kaskazini

Giza lilikuwa linaanza kuingia nilipokumbuka shali ya mjukuu wangu. Tuliisahau kanisani asubuhi, baada ya ubatizo. Na mtunza funguo ni mimi, nani mwingine angeifuata?

Kanisa letu la Harrowcombe ni kongwe kuliko nyumba zote za kijiji. Waliolijenga waliacha mlango mdogo upande wa kaskazini, wenye kazi moja tu: mtoto akibatizwa, ufunguliwe, shetani atoke. Bibi zetu waliufungua hata theluji ikianguka.

Asubuhi ile mimi sikuufungua. Baridi ilikuwa kali, komeo limeshika kutu, na kasisi wetu mpya huyacheka mambo hayo. Mzee Gaskin, mpiga kengele, aliniinamia sikioni.

"We Winifred, kule umefungua?"

"Nimefungua, mzee. Acha wasiwasi."

Mdomo wangu huu! Maji yakamwagwa, na mjukuu wangu Clement hakulia; wazee husema mtoto akilia ndipo shetani anatoka.

Basi jioni hiyo nikaingia kanisani. Harufu ya mishumaa iliyozimwa... na nyingine, kama mbwa aliyelowa mvua.

Ngo... ngo... ngo...

Mlango wa kaskazini.

Na aliyebisha alikuwa humu humu ndani.

Nilitaka kukimbia, lakini roho ilinisuta: uongo nimesema mimi, anitengenezee nani? Nikalivuta lile komeo mpaka vidole vikatoka damu.

"Toka," nikanong'ona. "Toka, mwache mtoto wetu."

Kitu kikanipita magotini. Chepesi. Kina joto. Kikafika nje, kwenye makaburi, kikalia.

Kilio cha mtoto mchanga.

"Clement!" Nikaita, nikaita tena. Kilio kikazidi kwenda mbali, kikakatika.

Sijui nilifikaje nyumbani. Binti yangu Hester alikuwa jikoni anamimina chai, kachangamka kweli.

"Mama, mjukuu wako kawa mtu mzima! Tangu tutoke kanisani hajalia hata kidogo. Hebu mbebe, nami nipumue."

Nikainama kitandani. Alikuwa macho. Alinitazama kwa utulivu, akatabasamu kama anayenishukuru.

Nikambeba. Ningefanyaje? Ningemwambiaje Hester kwamba mwanawe alikuwa ndani akibisha, na mimi, bibi yake, nikamfungulia mlango na kumfukuza nje kwenye baridi?