Sauti ya Cucu Wanjugu Ndani ya Sanduku

Ko! Ko! Ko! Ko!

Mlio wa debe ulivuka ua kabla jua halijapanda. Kuku wakatawanyika. Kaari aliweka sufuria ya chai chini, akatazama shambani. Kwelea waliinuka juu ya uwele kama vumbi, kisha wakatua tena mbele kidogo.

Katikati ya uwele alisimama Cucu Wanjugu, nyanya wa mume wake. Mkono mmoja ulishika debe kuukuu, mwingine kijiti. Kinywa chake kilikuwa kimefumbwa.

Zamani Cucu hakuhitaji debe. Aliimba. Nyimbo nyingine alizirithi kwa mama yake, nyingine alizitunga mwenyewe. Aliwatukana ndege kwa majina. Aliwacheka wakulima wavivu. Aliisifu ardhi kavu ya Mbeere, inayozaa wakati watu wa milimani wanalia mvua imechelewa. Watu wa Kiritiri walisema kwelea wa shamba la Wanjugu hukonda kwa aibu.

Kisha ugonjwa wa koo ukaja. Madaktari waliokoa maisha yake, lakini sauti haikurudi. Sasa Cucu alinong'ona tu.

"Ndege hawaogopi debe," Muturi alimwambia mkewe walipokuwa wakinywa chai. "Wanaogopa matusi ya Cucu."

Muturi alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi sokoni Kiritiri. Kaari alifundisha watoto kanisani. Siku hiyo Kaari alikuwa na jambo.

"Sikukuu ya mavuno inakaribia," alisema. "Nataka watoto waimbe nyimbo za Cucu. Nani atawafundisha? Cucu hawezi. Mimi najua vipande tu."

Muturi alicheka kwa majivuno. "Si tuna diski? Nyimbo zote ziko ndani. Ziko salama kuliko pesa za benki."

Ilikuwa kweli kwamba diski ilikuwepo. Munene, binamu yake Muturi aliyepiga video za harusi kule Kinoru, Meru, alikuja kumrekodi Cucu kabla ya ugonjwa. Aliweka nyimbo zote kwenye diski ndogo nyeusi, akawaachia. Baadaye alifuta nakala zake ili apate nafasi ya harusi nyingine. Muturi aliifunga diski kwa leso, akaiweka katika sanduku la chuma pamoja na hati ya shamba, akatia kufuli. Hakuna aliyeigusa tena.

Sasa alifungua kufuli. Aliiunganisha diski na laptopu aliyonunua juzi. Kioo kikaleta maneno. Kaari aliinama akasoma.

"Inasema diski ifomatiwe kwanza ndipo itumike."

"Basi tuifomati," Muturi alisema, kidole kikielekea kwenye kitufe. "Kompyuta yenyewe imesema."

Kaari alimshika mkono. "Ngoja! Simu ya rafiki yangu Regina ilifomatiwa, picha zote za mtoto wake zikaenda."

"Hiyo ilikuwa simu. Hii ni diski."

"Na mbuzi akikataa kula asubuhi moja, unamchinja saa hiyo hiyo? Si unaita daktari wa mifugo kwanza?"

Muturi alirudisha mkono. Alipoinua macho, alimwona Cucu amesimama mlangoni na debe lake. Cucu aliitazama diski, akamtazama mjukuu wake.

"Nimo humo?" alinong'ona.

Muturi aliichomoa diski, akaifunga tena kwa leso.

Walibeba diski na laptopu, wakaenda kwa Joyline. Alikuwa jirani yao, na alikuwa na duka la kutengeneza kompyuta karibu na soko. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Mmebonyeza?"

"Bado," Kaari alisema.

"Mungu ni mwema. Keti chini, baba mbuzi, unatetemeka."

"Sitetemeki," Muturi alisema, akaketi.

Joyline aliigeuza diski mkononi. "Munene anatumia kompyuta gani?"

"Ya Mac."

"Na yenu ni ya Windows. Basi nadhani hakuna ugonjwa hapa. Kila aina ya kompyuta ina namna yake ya kupanga vitu kwenye diski. Hii ilipangwa kwa namna ya Mac. Windows ikaitazama, haikuielewa, ikadhani haina kitu. Sikiliza, Muturi. Barua usiyoweza kuisoma si karatasi tupu. Usiitie motoni."

"Na kufomati ni nini hasa?"

"Ni kuipanga diski upya. Lakini ukishaipanga upya, huoni tena vitu vya zamani. Pengine fundi anaweza kuvipata, pengine hawezi. Kwa hiyo kwanza tunatoa vitu, ndipo tunafomati."

Kompyuta ya Joyline ilikuwa na programu ya kusoma diski za Mac. "Inasoma tu, haiandiki," alieleza. "Kwa hiyo haiwezi kuharibu chochote." Alibofya. Orodha ya nyimbo ikatokea. Kaari alifunika uso kwa viganja.

Joyline alinakili nyimbo zote kwenye kompyuta yake. Kisha akazinakili tena kwenye flashi kubwa.

"Mara mbili ya nini?" Muturi aliuliza.

"Kabla ya kufuta diski, nataka kushika vitu vyako kwa mikono miwili. Na sasa tunasikiliza. Faili kuonekana na faili kufunguka ni mambo mawili."

Akabonyeza wimbo wa kwanza.

Sauti ilijaa dukani, ikamwagika barabarani. Ilikuwa kali, yenye kicheko ndani yake. *Enda ukale kwa mvivu, wewe mdomo mwekundu! Uwele huu una mwenyewe!* Kwa Kimbeere ilikuwa kali zaidi. Mwanamke aliyebeba kuni alisimama. Mzee Ishmael, muuza makaa, aliingiza kichwa mlangoni.

"Huyo ni Wanjugu!" alipaza sauti. "Huyo ndiye aliyenitukana mimi nilipolala shambani, ndege wakala uwele wangu. Alinitaja kwa jina mpaka nikaacha kulala mchana!"

Watu wakacheka. Muturi hakucheka. Alisimama wima, kifua mbele. "Ni Cucu wangu," alisema.

Walisikiliza nyimbo zote, moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa nzima.

"Sasa tunafomati," Joyline alisema. "Tazama, nimechomoa flashi. Imebaki diski yenu peke yake. Soma jina na ukubwa wake kabla ya kubonyeza. Wengi hufuta diski ya jirani."

Alichagua mpango uitwao exFAT. "Huu Mac na Windows zote zinausoma. Munene ataandika, nanyi mtasoma." Diski ikapewa jina jipya: WANJUGU. Nyimbo zikarudishwa ndani, zikasikilizwa tena. Mwishowe Joyline aliiaga kompyuta kabla ya kuchomoa diski. "Usiing'oe kama muhogo," alimwonya Muturi. "Iambie kompyuta kwanza, kwa kubofya pale pa kuitoa."

Muturi alinyoosha mikono. "Asante sana. Nairudisha sandukuni."

"Sandukuni? Nyumba ikiungua? Mwizi akibeba sanduku? Diski hufa pia, kama mbuzi."

"Lakini kitu cha thamani kinafungiwa! Hata hati ya shamba..."

Kaari aliruka kutoka kitini. "Muturi! Cucu hutunza vipi mbegu?"

Muturi alimkodolea macho. Kila mtu nyumbani alijua. Mbegu za uwele Cucu huziweka kwenye kibuyu chumbani. Nyingine huzitundika juu ya moshi wa jikoni. Nyingine humpelekea Njura, dada yake aliyeolewa Embu. Panya wakila za hapa, za kule zipo.

"Tumeitunza sauti yake kama hati," Muturi alisema polepole. "Kumbe ni mbegu."

"Hapo umesema," Joyline alisema. "Nakala moja kwenye laptopu. Ya pili kwenye diski hii, ikae bila kuunganishwa ukimaliza kazi. Ya tatu mbali, kwa Munene."

"Na mimi nikisahau kunakili?"

"Ndiyo maana tunachagua programu ya akiba."

Alimwonyesha mbili. Ya kwanza ilikuwa na rangi nyingi, na Muturi aliipenda papo hapo.

"Hii inang'aa!"

"Unanunua mbuzi kwa kung'aa manyoya?"

"Mimi humfungua mdomo, nikatazama meno."

"Basi fungua mdomo. Uliza: inafanya kazi yenyewe kwa ratiba? Inahifadhi faili la jana, hata nikiliharibu leo? Nakala zake naweza kuzifungua kwenye kompyuta nyingine?"

Muturi alisoma, Kaari akimsaidia. Ile ya kung'aa ilifungia nakala kwa namna yake, na bila yenyewe hazikufunguka. Ya pili ilikuwa ya kijivu, haina urembo, lakini ilijibu ndiyo mara tatu.

"Ya kijivu," Muturi alisema. "Ina meno."

Waliiweka kwenye laptopu ya Muturi, pamoja na nyimbo zote. Kila Jumamosi jioni, diski ikiunganishwa, ingenakili chochote kipya. Kisha Joyline akamwambia Muturi afute wimbo mmoja kwenye laptopu.

"Wazimu!" Muturi alisema.

"Futa. Nakala usiyowahi kuirudisha ni matumaini tu."

Muturi alifuta, jasho likimtoka. Akafuata maelekezo, akaurudisha kutoka kwenye diski. Cucu akaimba tena. Muturi aligonga meza kwa furaha mpaka bisibisi zikaanguka.

Siku ya mavuno, watoto wa Kaari waliimba nyimbo za Wanjugu mbele ya madhabahu iliyojaa uwele, kunde na ndengu. Hawakuimba kwa woga. Waliimba kwa Kimbeere, vichwa juu. Munene alikuja kutoka Meru kuwarekodi. Alirudi Kinoru na nakala ya tatu mfukoni.

Jioni, Muturi alibeba spika ndogo hadi shambani. Alimkuta Cucu na debe lake. Akawasha. Sauti ya Wanjugu ikapasua hewa, na kwelea wakaondoka wote kwa pamoja.

Cucu aliweka debe chini. Alisikiliza, mdomo ukifuata maneno bila sauti. Wimbo ulipoisha, alimvuta mjukuu wake karibu.

"Na nikishaenda?" alinong'ona.

Muturi alimjibu kwa sauti kubwa, ili Kaari asikie, na watoto waliokuwa uani wasikie.

"Cucu, sitakufungia tena ndani ya sanduku. Kila Jumamosi nikitoka sokoni nitakunakili kabla sijala. Wewe ni mbegu, nami nitakugawa. Nakuahidi: hata kwelea ambao bado ni mayai watatukanwa nawe!"