Zamu Yako

Yalimkuta rafiki yangu, fundi wa mashine za gemu, na huyo si mtu wa kutia chumvi. Alasiri moja alivuta pazia zito, chumba kikawa giza, akaanza kuijaribu mashine ya mteja kwa gemu aliyocheza tangu utotoni. Ndani yake shujaa hufuata njia moja tu, upende usipende. Zamani yeye na kaka yake walikuwa wakipokezana rimoti kila shujaa alipofika darajani. Tangu kaka afariki, hakuwa na wa kumpokeza.

Shujaa akafika darajani. Kwa mazoea, fundi akaiweka rimoti mezani. "Haya kaka, zamu yako." Akacheka peke yake.

Shujaa akageuka, akaiacha njia, akashuka mtoni, mahali ambapo gemu ile haimruhusu mtu kufika. Nyuma ya fundi, gizani, vitufe vikaanza kubonyezwa: ta, ta, ta, upesiupesi.

"Kaka?"

Akafungua pazia. Rimoti ya pili ya mashine ile ilikuwa rafuni nyuma yake, imezungushiwa waya wake, haijachomekwa popote. Akaishika. Ilikuwa vumbi tupu, ila vitufe vyake vilikuwa vimelowa jasho.