Petroli ya Kufika Mlimani

Seremala na mkewe walikuwa na gari moja kuukuu. Mke alikuwa mkunga. Kila asubuhi mume alimpeleka vijijini kwa wajawazito, kisha akaenda kuuza meza na viti vyake. Aliendesha kama mtu anayekimbizwa na nyuki. Ndiyo maana watu walimwita Upepo.

Siku moja waliitwa bondeni. Mama mmoja alikuwa ameshikwa na uchungu. Upepo akakanyaga mafuta, vumbi likatimka. Lakini kabla hawajafika, injini ilikohoa, ikazima.

"Petroli imekwisha," alisema Upepo.

"Si tulijaza juzi tu?"

Mkunga alivua viatu, akabeba mkoba wake, akakimbia. Alipofika, kichwa cha mtoto kilikuwa kimeshaonekana. Mtoto alizaliwa salama. Lakini jioni mkunga alimwambia mumewe, "Leo Mungu ametusitiri. Kesho je?"

"Gari hili linakunywa kama mlevi," alisema Upepo. "Tuliuze."

"Kabla hujaliuza, tumwite mama mkubwa."

Mama mkubwa wa mkunga alikuwa ameendesha malori hadi akaota mvi. Alifika asubuhi iliyofuata.

"Shikamoo, mama," alisema Upepo.

"Marahaba, mkwe. Haya, nionyeshe mgonjwa."

Alitoa kipimo chake, akapima matairi. Akacheka.

"Wewe unaitwa Upepo, na matairi yako hayana upepo! Tairi legelege huing'ang'ania barabara. Injini inahangaika kama mtu anayetembea kwenye matope. Pima kila wiki, matairi yakiwa bado ya baridi."

Kisha akafungua boneti, akachomoa chujio la hewa, akaligonga chini. Unga wa mbao ukamwagika, ukafanya kichuguu.

Upepo akashika kichwa. "Wote huo ulikuwa humo?"

"Gari linapumua, mwanangu, nawe unaliegesha karibu na msumeno! Hebu jizibe pua ukimbie, uone. Chujio hili limechoka, tia jipya. Na mafuta ya injini yamekuwa kama lami. Yabadilishe." Akatazama juu ya gari. "Na mbao hizi? Leo kuna mteja?"

"Hapana, mama. Zinakaa tu hapo."

"Kumbe unazitembeza! Zishushe. Mzigo nao unakula petroli."

Walipokwisha kujaza matairi na kumaliza kazi zote hizo, mama mkubwa alishika usukani. Gari liliondoka taratibu, kama mtu anayempita mtoto aliyelala. Mbele, mbali sana, ng'ombe walikuwa wanavuka barabara. Mama mkubwa aliinua mguu tu. Gari likapunguza mwendo lenyewe. Walipofika pale, ng'ombe walikuwa wameshapita. Breki hakuigusa.

"Umefanyaje?" aliuliza Upepo.

"Nimetazama mbali. Kila unapokimbia kisha ukafunga breki ghafla, unatupa petroli uliyokwisha kuichoma. Kwenye mteremko inua mguu, lakini gia usiitoe. Gari lisilo na gia ni punda asiye na hatamu. Na ukisimama kupiga soga, zima injini. Haina la kuchangia."

Dirishani Upepo alisikia ndege wakiimba. Hakuwahi kuwasikia akiwa ndani ya gari lile.

"Mama," alisema polepole, "hili ni gari langu kweli?"

"Ni lako. Ulikuwa hujakutana nalo."

Mwanzoni mguu wa Upepo ulikuwa mbishi. Alikanyaga, akakumbuka, akainua. Mwishowe mguu ukazoea. Petroli iliyokuwa ikiisha katikati ya wiki ikaanza kubaki.

"Kuna kijiji juu ya mlima," mkunga alisema siku moja. "Sijawahi kufika. Petroli ya kwenda na kurudi haikutosha."

"Leo itatosha," alisema Upepo.

Walipanda polepole, kona baada ya kona, mpaka mawingu yakawa chini yao. Wanawake walitoka majumbani. Bibi mmoja aligusa boneti kwa kiganja. "Hakuna mkunga aliyewahi kupanda huku," alisema.

Upepo alizima injini, akasimama kando. Mkewe aliinama juu ya tumbo la mama kijana, akasikiliza kwa kipembe chake cha kusikilizia moyo wa mtoto. Kisha akamnong'oneza yule mama. Mama akatabasamu, akatikisa kichwa kukubali.

"Njoo, mume wangu. Sikiliza."

Upepo alipiga magoti, akaweka sikio kwenye kipembe. Mle ndani moyo mdogo ulikuwa unadunda, mbio mbio, bila kuchoka. Alibaki amepiga magoti, akisikiliza.